KAZI MOJA, KOMPYUTA MBILI: Namna ya Kuandika Bila Kupoteza Ulichokwisha Kuandika

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, somo letu la mwaka huu linahusu jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hukutana nalo na wachache hufundishwa: kuandika kazi moja katika kompyuta zaidi ya moja. Leo unaandika kwenye kompyuta ya shule, kesho kwenye laptopu ya ami yako, keshokutwa unamalizia stesheneri ili uchapishe. Kazi ni moja, mashine ni tatu. Hapo katikati ndipo kurasa zinapopotea.

Pengine mtu atasema, faili limepotea, si uandike tena? Kwa insha ya darasani ni kweli. Lakini tunawahimiza wanafunzi wetu waandike habari za wazee: nani alisomesha chuo cha kwanza kijijini kwao, msikiti ulijengwa na nani na kwa miti ya wapi, watu walifungaje Ramadhani zamani kabla ya redio kutangaza mwezi. Maneno ya namna hii hutoka kinywani mwa mzee wa miaka 80, mengine kwa Chasu, na mara nyingi husemwa mara moja tu. Faili likipotea baada ya mzee kurejea kwa Mola wake, hakuna wa kuulizwa tena. Kwa hiyo kulihifadhi ni amana.

HASARA INAVYOTOKEA

Chukulia ndugu wawili. Kaka yuko nyumbani hapa Ndungu, dada anasoma bweni Same mjini. Wanaandika habari za babu yao. Kaka ana kurasa 20 kwenye laptopu. Anazinakili kwenye flashi na kumpa dada yake anaporudi shule. Dada anaongeza kurasa 5, sasa flashi ina kurasa 25. Wakati huohuo kaka amerudi kwa babu, akaambiwa majina mawili katika ukurasa wa 3 na wa 7 yamekosewa, akayasahihisha kwenye laptopu.

Likizo inafika. Flashi inachomekwa. Faili la huku na faili la kule yana jina moja, "babu". Kompyuta inauliza: liko faili lenye jina hili, nilibadilishe kwa hili jipya? Ndugu zetu, hapo hakuna jibu salama. Ukikubali kunakili kutoka flashi kwenda laptopu, umepata kurasa 5 na umepoteza masahihisho. Ukinakili kutoka laptopu kwenda flashi, umebakisha masahihisho na umepoteza kurasa 5. Wala usitegemee kulikuta lililopotea katika kapu la taka la kompyuta. Faili lililofutwa kwa kuandikiwa jingine juu yake haliingii kapuni. Hali kadhalika faili lililofutwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa kawaida halipiti katika kapu hilo.

Tazama kwamba hapa hakuna mashine iliyoharibika. Umeme haukukatika, kirusi hakikuingia. Wote wawili walifanya kazi nzuri. Kilichokosekana ni mapatano.

MASAHABA WALIFANYAJE?

Hatulinganishi insha na Msahafu, hasha. Lakini mwenye kutaka kujua jinsi maandishi yanavyolindwa yanapokuwa katika mikono mingi na miji mingi, hana haja ya kuanzia mbali. Asome habari ya kukusanywa kwa Qur'ani, kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari.

Baada ya vita vya Yamama, ambamo mahafidh wengi waliuawa, Sayyidna Umar (R.A.) alimshauri Khalifa Abubakar (R.A.) Qur'ani ikusanywe mahali pamoja. Kazi akapewa Zaid bin Thabit (R.A.), kijana aliyekuwa mwandishi wa wahyi. Alikusanya kutoka katika makuti ya mitende, mawe membamba na vifua vya watu. Kurasa zile zikakaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa Bibi Hafsa binti Umar (R.A.).

Zama za Sayyidna Uthman (R.A.), kiasi cha miaka ya 25 mpaka 30 Hijria, Hudhaifa bin al-Yaman (R.A.) alirudi kutoka Armenia na Azerbaijan akiwa na khofu. Aliwasikia watu wa Sham na watu wa Iraq wakihitilafiana katika kusoma. Uthman akatuma kwa Bibi Hafsa kuomba zile kurasa, kwa ahadi ya kuzirudisha. Akawateua waandishi wanne: Zaid bin Thabit, Abdullah bin Zubair, Said bin al-As na Abdurrahman bin al-Harith bin Hisham. Na kabla hawajaanza akawawekea kanuni: wale Makureshi watatu wakikhitilafiana na Zaid katika neno, liandikwe kwa lugha ya Kikureshi. Kazi ilipokwisha, kurasa za asili zilirudishwa kwa Bibi Hafsa, kila upande ukapelekewa msahafu mmoja, na maandishi mengine yaliyobaki yakaamrishwa yachomwe.

Mwanafunzi asiipite haraka habari hii. Palikuwa na asili moja inayojulikana iko kwa nani. Waandishi walikuwa wachache na walitajwa kwa majina. Njia ya kumaliza khitilafu iliwekwa kabla khitilafu haijatokea. Nakala zilizotoka zilitoka katika asili ile, na yale yaliyoweza kuleta mchanganyiko yaliondolewa, lakini yaliondolewa baada ya kazi kukamilika, si kabla.

Penye kukosekana asili, tazama yaliyozipata tenzi zetu za pwani. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate ilienea kwa nakala za mkono, kila mwandishi akinakili ile aliyoipata. Leo wataalamu wanazo nakala zisizolingana, beti za huku hazimo kule, na mpangilio unatofautiana. Ni hazina kubwa, lakini kujua lipi alilolisema mtunzi mwenyewe kumekuwa kazi ya kitaalamu.

ZAMU YA MAJI

Watu wa Upare hawahitaji kufundishwa maana ya zamu. Ndiva hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa zamu. Mwenye zamu ndiye afunguaye mfereji wake, na jirani hatoboi tuta kwa sababu tu yeye naye ana shamba. Hata katika majaruba ya mpunga hapa Ndungu, atakayejifungulia maji wakati wa mwenzake atayasikia yake.

Faili nalo liwe na zamu. Kaka na dada wakubaliane: kalamu iko kwa nani wiki hii? Aliye na kalamu ndiye anayeandika ndani ya faili la asili. Mwingine akipata neno jipya kwa babu, aliandike kwenye daftari au katika faili dogo la pembeni aliite "nyongeza", alisubirishe. Zamu ikigeuka, nyongeza zinaingizwa, na zamu inatangazwa, hata kwa ujumbe wa simu wa maneno matatu: "Kalamu iko kwako." Ni jambo dogo mno, na ndilo linaloziba pengo kuliko programu yoyote ya kununua.

Kama kazi ni kubwa na wote wanataka kuandika kwa wakati mmoja, igawanywe. Sura ya ukoo iwe faili moja, sura ya msikiti faili la pili, sura ya madrasa faili la tatu, na kila faili liwe na mwenyewe. Yaunganishwe mwishoni. Hata mwalimu akiletewa, hufurahi zaidi kusahihisha sura moja kuliko kurasa 60 kwa mpigo.

JINA LA FAILI NA SAA YA KOMPYUTA

Tumeona flashi za wanafunzi zenye mafaili yanayoitwa "babu", "babu mpya", "babu mpya 2", "babu ya mwisho", "babu ya mwisho kabisa". Sasa lipi la mwisho? Mwenyewe hajui.

Andika tarehe ndani ya jina, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kila moja kwa tarakimu kamili: babu-2025-04-09, kisha babu-2025-04-16. Kwa nini mwaka utangulie? Kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa kutazama herufi na tarakimu kutoka kushoto. Ukianza na siku, tarehe 02 ya Desemba itakaa juu ya tarehe 09 ya Aprili. Ukianza na mwaka, mafaili yatajipanga yenyewe kama yalivyofuatana. Na usiandike 4 peke yake pahali pa 04, maana katika baadhi ya programu mwezi wa 10 utatangulia mbele ya mwezi wa 4. Mwisho wa jina weka herufi ya aliyeandika. Kila siku ya kazi anza kwa kulihifadhi faili kwa jina la siku hiyo, na la jana liache lilivyo.

Mtu atauliza, kwani kompyuta yenyewe haiandiki tarehe ya kila faili? Huandika, lakini kwa kufuata saa yake, na saa hiyo huishi kwa betri ndogo ya duara iliyomo ndani. Betri ikifa, kompyuta ya mezani ikizimwa na kuchomolewa umeme husahau tarehe, na ikiwashwa hujihesabu iko miaka mingi nyuma. Kompyuta za namna hii bado zipo nyingi mashuleni na katika stesheneri. Ukiandika leo kwenye mashine kama hiyo, faili lako jipya litaonekana la kale kuliko lile la mwezi jana. Mwenye kutegemea tarehe ya kompyuta atalifuta jipya akidhani analifuta kuukuu. Kabla ya kuanza kazi tupia jicho saa iliyo pembeni mwa skrini.

Aidha, ukurasa wa kwanza wa kazi tengeni nafasi ya kumbukumbu fupi: tarehe, jina, kilichofanyika. "Tarehe 16 Aprili, dada, nimeongeza ukurasa wa 21 hadi 25." Waandishi wa programu za kompyuta wanacho chombo kinachowafanyia hivi chenyewe, kiitwacho Git, kilichotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili maelfu ya watu waweze kuandika mfumo wa Linux bila kufutiana. Kwa habari za babu, ukurasa mmoja wa kumbukumbu watosha.

FLASHI SI SANDUKU LA CHUMA

Flashi ni chombo cha kubebea. Inaanguka, inafuliwa pamoja na kanzu, inaazimwa na hairudi. Basi isiwe ndiyo makazi pekee ya kazi yako. Na usiichomoe ghafla. Kompyuta mara nyingine husema imekwisha kuhifadhi, kumbe sehemu ya maandishi bado iko katika kumbukumbu yake ya muda, haijafika kwenye flashi. Ukichomoa hapo faili hukatika, na likifunguliwa huonyesha alama zisizosomeka. Iambie kompyuta kwanza kwamba unataka kuitoa, ingoje ikujibu, ndipo uchomoe. Tena ni vizuri zaidi ulinakili faili kwenye kompyuta, uandike humo, kisha ulirudishe kwenye flashi, kuliko kuandika moja kwa moja ndani ya flashi.

Virusi vya flashi vilisumbua sana miaka ile. Kile kiitwacho Conficker, kilichotokea Novemba 2008, kilienea kwa mtandao na kwa flashi pia, kwa kutumia tabia ya Windows ya kufungua chenyewe kilichochomekwa. Mwaka 2011 kampuni ya Microsoft iliifunga tabia hiyo kwa flashi hata katika Windows za zamani zilizopokea masahihisho yake. Hata hivyo kipo kirusi ambacho bado tunakutana nacho: unafungua flashi, folda zako zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo. Usivibofye. Na usikimbilie kuisafisha flashi yote, kwani mara nyingi mafaili yako yamo humo humo, yamefichwa tu. Mpelekee mwenye ujuzi ayafichue kwanza, asafishe baadaye.

Kuhusu umeme, kila mtu anajua. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo. Programu ya Word huweka akiba yake yenyewe kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa. Waweza kuipunguza iwe dakika 2. Lakini desturi njema ni kubonyeza Ctrl na S kila umalizapo aya.

MAANDISHI YA KIARABU

Hapa tunawaomba wanafunzi watulie. Ukiandika aya ya Qur'ani au hadithi kwa Kiarabu katika kompyuta moja, kisha ukaifungua katika nyingine isiyo na mwandiko ule, herufi zaweza kuachana, irabu zikahama, au pakatokea visanduku vitupu. Mafaili ya zamani, yaliyoandikwa kabla utaratibu wa Unicode haujaenea, ndiyo yanayosumbua zaidi. Kwa hiyo tumia mwandiko unaopatikana katika kompyuta nyingi, na unapokwenda kuchapisha peleka faili la PDF, ambalo kwa kawaida hubeba mwandiko wake ndani, pamoja na lile la kawaida.

Tena kila uhamapo mashine, fungua Msahafu uilinganishe aya kwa macho, neno kwa neno. Usiseme "jana ilikuwa sawa." Irabu moja hugeuza maana. Ukishindwa kuipata sawasawa, taja jina la sura na namba ya aya, uandike maana yake kwa Kiswahili. Hilo ni salama kuliko kuchapisha aya yenye kasoro ikagawiwa kwa watu.

INTANETI

Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na wa EASSy mwaka 2010, intaneti imesogea hata huku tambarare. Njia nyepesi ni kujitumia faili kwa barua pepe kila umalizapo kazi. Nakala hukaa huko na tarehe yake sahihi, hata kama saa ya kompyuta ni mbovu. Njia ya pili ni kuandika humo humo mtandaoni, kama katika Google Docs, ambako wawili huona ukurasa mmoja kwa wakati mmoja na maandishi ya nyuma yanaweza kurejeshwa. Kwa wale kaka na dada hii ndiyo bora, mtandao ukiwepo. Lakini ukiwa umekatika, na kila mmoja akaandika kivyake akitumia huduma za kuweka mafaili mtandaoni kama Dropbox, ukirudi utakuta mafaili mawili, moja limeandikwa kuwa linagongana na jingine. Usifute lolote. Yalinganishe kwanza.

Na katika kompyuta ya watu wengi, ukimaliza toka katika barua pepe yako, usikubali ikumbuke neno lako la siri, na faili ulilolishusha ulifute mpaka kapuni. Babu amekuamini habari za ukoo, nyingine za ndoa na talaka. Hakukusudia zisomwe na mteja anayefuata.

KULINGANISHA

Kwa waliokwisha kufikwa na yale ya kaka na dada, dawa ipo. Usilifute faili lolote. Yape majina mawili mbali mbali, yaweke katika folda moja, kisha iambie programu iyalinganishe. Word na LibreOffice zote zina uwezo huo. Zitakuonyesha kwa rangi kilichoongezwa na kilichoondolewa, nawe utakubali au kukataa kimoja kimoja. Kurasa 5 za dada zitaingia na masahihisho ya kaka yatabaki.

Maulamaa wetu walilifanya jambo hili kwa subira na wino. Mwanafunzi aliyenakili kitabu hakuruhusiwa kukitegemea mpaka akilinganishe na asili, mara nyingi mmoja akisoma kwa sauti na mwenzake akifuatilia. Waliita muqabala. Walipokatisha kwa siku ile waliandika pembeni neno "balagha", yaani tumefika hapa. Alama hizo zinaonekana mpaka leo katika vitabu vya mkono vya karne nyingi zilizopita. Ni vyema nanyi mfanye vivyo hivyo na karatasi iliyochapwa: dada asome, kaka afuatilie kwenye skrini, na penye kuishia watie alama na tarehe.

NAKALA ZIKAE WAPI?

Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ambayo watu wa kompyuta huitaja sana: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae mbali na nyumbani. Kwetu yaweza kuwa hivi: moja katika laptopu, moja katika flashi, na moja katika barua pepe au kwa shangazi aliyeko Moshi au Dar es Salaam. Moto, mafuriko na wezi huchukua vyote vilivyo chumba kimoja, ikiwa ni pamoja na flashi iliyowekwa ndani ya mfuko wa laptopu.

Wazazi wetu, sehemu yenu ni hii: msiikejeli gharama ya kuchapa. Kurasa 40 zilizochapwa zikitiwa jalada hazihitaji umeme wala neno la siri. Zitieni katika mfuko wa nailoni na ziwekwe juu ya kabati, si chini ukutani, kwani mchwa wa huku hawachagui kitabu.

Kazi ikikamilika, faili la asili lifungwe. Asiliguse mtu tena. Masahihisho yatakayotokea yaandikwe katika faili jingine lenye tarehe mpya. Chapeni nakala mbili, moja ya nyumbani na moja ya maktaba ya madrasa. Na kabla ya kuileta, msomeeni babu yote mpaka mwisho maadamu yungali hai, kalamu nyekundu ikiwa mkononi.

Wabillahi tawfiq.